Watoto Wanne kwenye Trei

Kwako Kamau, mdogo wangu,

Endebess mmeamkaje? Magoti ya shosho, nyanya yetu kipenzi, yamepata nafuu? Na mvua, imeshika au mahindi bado yanaangalia juu? Mimi hapa Doha ni mzima wa mwili. Roho ndiyo sijui. Kutwa nasimama kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, napiga pasi mashati ya watu nisiowajua, na ile diploma ya kompyuta niliyoihangaikia Bungoma iko chini ya godoro.

Ndiyo maana nilifurahi uliponitumia programu yako ya kompyuta, ile ya lugha ya C. Ni muda mrefu sijaulizwa kitu ninachokijua.

Makosa uliyolilia ni madogo. Ukimaliza kufafanua struct, lile fungu la taarifa, funga mabano kisha uweke nukta-mkato. Kwenye struct familia uliisahau. Na jina ulilolitengea nafasi ya herufi huwezi kulijaza baadaye kwa alama ya sawasawa, tumia strcpy inayonakili herufi. Nilirekebisha kwenye simu, ikakubali bila kunung'unika.

Ikaanza kutoa majina. Mwangi, Wambui, wewe, Muthoni. Ikaishia hapo. Kurudi juu, nikaona umeandika watoto[4], yaani nafasi za watoto wanne. Shosho anisamehe kwa kuhesabu, lakini sisi ni watano.

Nilipokupigia ulicheka. “Si unajua shosho hataki tuhesabiwe kama mbuzi, bana? Nikaangalia tu vikombe kwa trei, jioni mama akimimina chai.”

Nikakuuliza changu cha bluu kiko wapi.

“Ati hicho? Mama anakitumia kuchotea kuku chakula.”

Ukaendelea na habari za mtihani wenu wa Kitale, mimi sikusikia tena. Nimeumia, Kamau, na sitaficha. Mwangi akitaka viatu ananikumbuka vizuri sana.

Kosa hilo kompyuta haitakuonya. Nafasi nne, majina manne, kwake yote ni sawa. Lakini ukinisukuma mle bila kupanua nafasi, nitaandikwa juu ya kitu kilicho jirani na kukiharibu, kama ninavyopiga simu mkiwa mezani na wote mnanyamaza. Weka tano. Na C huanza kuhesabu kwa sifuri, kwa hivyo kifungua mimba ni watoto[0]. Hapo umemweka Mwangi. Msogeze.

Nisalimie shosho, na Wambui anayekamua ng'ombe peke yake siku hizi, na Muthoni kitinda mimba wetu. Shangazi wa Moi's Bridge mwambie bado nina leso yake. Mwangi naye msalimie.

Jambo moja tu nakuomba. Nenda bandani kwa kuku, uchukue kikombe changu, ukioshe, ukiweke kwenye trei jioni. Usimwambie mama nimesema. Akikimiminia chai bila kuuliza ni cha nani, niandikie upesi.

Akikirudisha bandani, usiniandikie.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Njeri