Pombe ya Bagira na Mtoto Aliyekaa Benchi

Liège, Jumapili jioni

Kwa kaka yangu Bisimwa, Kadutu, Bukavu

Kaka, nakusalimu. Nakusalimu kwanza kwa sababu Papa alitulea hivyo, kwamba hata mtu aliyekukera unamsalimu kabla ya kumwambia lako. Mko wazima hapo nyumbani? Magoti ya Maman yanasemaje katika vumbi hili la kiangazi? Bado anapanda ngazi zile peke yake kwenda misa ya asubuhi, au mmempatia mtu wa kumshika mkono? Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ni ile ile: naosha wazee wa watu, nawalisha, nawageuza kitandani, na mmoja wao kila siku ananiuliza kama kwetu kuna nyumba. Nimemzoea, hata nampenda. Huko siko kunakonitia kichefuchefu.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako ikilia nyumba nzima inasikiliza, na majirani wanasogeza viti. Maneno haya ni yako. Barua nampa mwenzangu wa kwaya, Mama Jeannette, anayepitia Kigali kuja kumzika shangazi yake. Ataivusha mto Ruzizi pale mpakani ndani ya mkoba wake na kukupa mkononi.

Unajua jinsi nilivyofurahi Akonkwa wangu alipochukuliwa katika timu ya taifa ya vijana ya nchi hii, kwenda kushindana na vijana wa nchi nyingine za Ulaya. Ana miaka kumi na saba na wenzake wengi wamemzidi umri. Nilijifungia chooni kazini nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kwa wazee wangu. Furaha hiyo haikukaa hata wiki. Jioni moja kabla hajaenda kambini, mtoto aliweka simu yake mezani mbele yangu. Ndani kulikuwa na picha yako.

Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha Papa. Kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kilikuwa mdomoni, macho umeyafumba kwa utamu, na nyuma yako mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya bomba. Chini ya picha Deo, yule aliyenipa mimba ya Akonkwa akaikana, alikuwa amemwandikia mtoto kwamba wajomba zake wamekunywa, jambo limekwisha, sasa yeye ni wa ukoo wao wa Bagira na atavaa jina lao mgongoni.

Nilikupigia, ukanieleza, na kila ulilonieleza liliniongezea kinyaa. Eti watu wa Deo walikuja siku mlipokuwa mnamkumbuka Papa, mwaka mmoja tangu tumzike. Eti uliona watu wazima na bidoni ya lita ishirini ya kasiksi na mbuzi mlangoni, ukadhani wamekuja kutufariji kama wengine. Haya, ulidhani. Lakini wewe umekulia mle mle nilimokulia mimi. Uliwahi kumwona Papa akigusa pombe ya mgeni kabla ya kuuliza imekuja na neno gani? Hata ya padri aliiuliza. Mwenye pombe anasimama, anasema neno lake, wenye nyumba wanatazamana, ndipo kibuyu kinazunguka, na aliyekunywa amelikubali neno. Wewe ulitanguliza mdomo, sikio likafuata. Shangazi yao mmoja akangoja umeze vizuri, ndipo akapiga vigelegele na kutangaza kwamba wamekuja kuwashukuru wajomba kwa kuwatunzia mtoto wao. Na hapo, kaka, wewe ungali na kibuyu mkononi.

Mke wako ameniambia kwamba Maman aliinuka akaenda kukaa jikoni na hakuonja hata tone. Angalau nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja.

Nikukumbushe watu hao ni nani, maana naona utamu wa ndizi umekusahaulisha. Nilipokuwa na mimba ya Akonkwa, Papa alivaa koti lake la Pasaka akaenda Bagira kwa miguu pamoja na Baba Mdogo. Waliwekwa nje kwenye viti vya jikoni, kama watu waliokuja kuuza makaa. Deo alikuwa ndani. Papa alisikia sauti yake. Likatoka neno kwamba huyo msichana wa Kadutu hawamjui, na mimba yake hawaijui. Papa alirudi, akalivua koti, akalitundika, na sikumsikia akilisema jambo hilo tena mpaka alipokufa. Mtoto alipozaliwa alimbeba mwenyewe, akamwita Akonkwa, na kuanzia siku hiyo alimlisha, akamtibu malaria, akambeba mgongoni kwenye matope ya ngazi zile mpaka nilipopata njia ya kumleta huku. Jina alilompa ndilo lililoandikwa kwenye jezi. Sasa wamelisoma kwenye simu, wamekumbuka kwamba wana mtoto.

Na Deo yuko redioni! Mke wako alinitumia sauti yake. Anahojiwa kama waziri. Anasimulia jinsi alivyomfundisha mwanawe kupiga mpira, jinsi mtoto alivyokuwa anacheza pieni, miguu mitupu, akiwa mdogo. Mtoto ambaye hajamwona hata siku moja. Mtangazaji anamwita baba wa bingwa. Nilisikiliza nikiwa na sahani ya supu ya mzee mmoja mkononi, nikalazimika kuiweka chini.

Basi, nikaenda kwenye mashindano. Wazazi tulikodiwa basi, mwendo wa siku nzima mpaka nchi ya jirani. Nilidhani huko nitapumua. Kaka, sijaona mahali pachafu vile palipofagiliwa vizuri namna ile. Nyasi zinang'aa, viti vinang'aa, na juu ya viti wamekaa wanaume wenye manukato, simu mkononi, wanawapima watoto wa watu. Huyu ana paja, yule ana pumzi, huyu mguu wa kushoto haufai. Umewaona wanunuzi wa mbuzi sokoni Kadutu wanavyomshika mnyama kiunoni? Wale wanamshika mbele ya mwenyewe, na wanamsalimu mwenyewe kwanza. Hawa hawakusalimu mtu.

Mmoja wao alipojua mimi ni mama wa nani, alikuja na kikombe cha kahawa ambacho sikumwomba. Akauliza kama baba wa mtoto ndiye mwenye kauli, kwa sababu kuna bwana mmoja wa Bukavu ameshampigia simu na kumwambia mazungumzo yote yapitie kwake. Nilimrudishia kahawa yake. Alitabasamu, akaenda kwa mama mwingine na kahawa ile ile.

Na wazazi wenzangu, watu wa heshima ambao kwenye basi tuligawana mikate! Mpira ukianza wanageuka. Baba mmoja alimtukana mwanawe uwanja mzima ukasikia, kwa sababu ya pasi moja tu, na mtoto akawa anacheza huku anafuta macho kwa mkono wa jezi. Mama mmoja aliomba kwa sauti mtoto wa mwenzake aumie ili wa kwake aingie. Aliomba Mungu, kaka. Nilitamani kuhama kiti lakini viti vyetu vilikuwa na namba.

Akonkwa hakucheza. Nakuambia wewe na umwambie kila mtu hapo mtaani. Mechi ya kwanza aliingia dakika za mwisho, akagusa mpira mara chache, basi. Ya pili alikaa benchi. Ya tatu, ambayo ilikuwa lazima tushinde ili tuendelee, alikaa benchi mwanzo hadi mwisho na koti la mazoezi hadi kidevuni. Aliruhusiwa tu kukimbia kando ya uwanja kupasha mwili moto, kisha akaitwa arudi akae. Nilimwangalia yeye, sikuangalia mpira. Tulifungwa, tukatolewa. Vijana wengine walilala kwenye nyasi wakilia. Yeye hakuwa na haki hata ya kulala kwenye nyasi.

Baadaye walituruhusu kusogea kwenye uzio kuwaona watoto. Akaja. Nilikuwa nimeshafungua mikono yangu. Akaniomba simu, kwa sababu simu zao zinakusanywa siku ya mechi. Nikampa, nikidhani anataka kumpigia rafiki. Akaandika namba kwa kichwa, bila kutafuta popote. Alikuwa ameishika kwa moyo.

Alimpigia Deo.

Unajua tangu aanze shule huku mtoto huyu hunijibu kwa Kifaransa tu. Mimi Kiswahili, yeye Kifaransa, mpaka nimezoea. Siku hiyo alinigeuzia mgongo akaanza kusema Kiswahili chetu, cha Kadutu, chote kikiwa salama mdomoni mwake. Kaka, nilichukia. Nilimchukia Deo, nikakuchukia wewe, na kwa muda mfupi nilimchukia hata yeye, kwamba lugha hiyo alikuwa nayo siku zote na alikuwa amemwekea mtu yule. Simu yangu ina sauti kubwa, nilisikia yote.

"Papa, uliniona leo?"

"Nilikuona, mwana yangu. Sisi wote hapa Bagira tulikuona. Ulicheza muzuri sana. Ile mupira ya mwisho ulipiga, mi nilisimama juu ya kiti."

Mechi hiyo haikuonyeshwa huko, na mke wako alikuwa ameniambia kwamba hamna umeme karibu wiki nzima. Nilitaka kuinyakua simu nimwambie yule mtu maneno ambayo ningelazimika kwenda kuyaungama. Lakini mtoto alikuwa ameinamisha kichwa, nikajizuia. Simu ilikuwa bado sikioni, koti bado limefungwa hadi kidevuni. Pindo la jezi yake lililochungulia chini ya koti lilikuwa safi kabisa, kavu, kama lilivyotoka kabatini.

"Merci, papa," akasema. Akakata.

Akanirudishia simu juu ya uzio. Hakulia. Alipanga vizuri kola ya koti langu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Halafu akaniambia, kwa Kiswahili kile kile, "Maman, uambie tonton Bisimwa arudishe ile pombe. Na mbuzi."

Kwa hiyo hii si hasira yangu tena, ingawa hasira ninayo na nitakaa nayo. Ni neno la mwenyewe. Chukua bidoni nzima, si nusu, na iwe kasiksi nzuri, wasije wakasema tumewarudishia maji. Mbuzi kama bado yuko, mfungue umpeleke. Kama mmemla, na ninavyokujua mmemla, tafuta mwingine wa rangi ile ile. Nenda mchana, watu wakiwa nje, ukiwa na Baba Mdogo, kwa kuwa alikuwepo siku ile ya kwanza na anastahili kuikanyaga tena Bagira akiwa amesimama. Msikae, hata wakiwapa viti vya saluni, vile vya sebuleni. Msionje kitu. Waambie pombe imekuja na neno, na neno ni kwamba mtoto mwenyewe hakuinywa. Wakimtaja mama yake, sema mama yake hakukutuma. Sema ni Akonkwa. Halafu geukeni mrudi nyumbani, na ukifika mwambie Maman atoke jikoni.

Nisalimie Maman, umpige busu kwenye viganja vyote viwili. Nisalimie wifi yangu, mwenye macho na masikio katika nyumba hiyo. Mwambie kitenge chake kiko kwa Mama Jeannette. Msalimie Baba Mdogo, na dada yetu mkubwa wa Nyawera na mume wake. Wasalimie watoto wako wote, ila wasijifunze kwako namna ya kupokea wageni. Na ukipita kaburini kwa Papa, palilia majani, na ukae naye kidogo. Usimweleze mambo haya kabla hujayamaliza.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado nakupenda ingawa leo siwezi kuitazama ile picha,

Nsimire

Nilipokuwa nafunga bahasha, Akonkwa alipita akasoma jina lako. Amesema nikusalimie, na kwamba hakukukasirikia. Ameuliza tu kama ile pombe ilikuwa tamu.