Nilitafuta Mkato Katika Pelle ya Mke Wangu

Mama Angèle mpendwa, naomba msaada wako, na naomba pia jina langu ulifiche, maana hapa Panda, mtaa wetu wa Likasi, watu wananijua na wengine tayari wananicheka. Nilikuwa mchoraji wa mashine katika ofisi moja ya kampuni, miaka mingi nimeinama juu ya meza nikichora gia na pampu, mpaka kazi ikafa, mshahara ukawa hadithi, na sisi wanaume wa kambi ya wafanyakazi tukabaki kukaa barazani tukiangalia geti lisilofunguliwa. Ili nisipate wazimu nilianza kukunja karatasi, si ndege na mashua za watoto, mimi nakunja mashine, lokomotivu, kreni, pampu ya maji, kila moja kutoka karatasi moja ya mraba, bila mkasi na bila gundi, maana hiyo ndiyo sheria, na wenzangu walipoona wakaja kujifunza, tukawa kikundi kinachokutana kila Jumamosi katika ukumbi wa parokia, na mkubwa wetu ni mzee Stanislas, aliyekuwa fundi wa mashine nzito.

Mke wangu, nitamwita Blandine ingawa si jina lake, ni mshonaji. Tangu mshahara wangu ukatike cherehani yake ndiyo inatulisha, na hilo peke yake, Mama, limenikaa kooni kama mfupa. Kukunja nilimfundisha mimi. Toroli yake ya kwanza ilipinda kama mlevi, tukacheka wote wawili mpaka majirani wakauliza kuna nini. Sasa mwaka huu alikaa na makaratasi ya mifuko ya saruji wiki baada ya wiki, anakunja, anakunjua, anatupa, haniulizi kitu, halafu Jumamosi moja akaweka mezani pelle, ile mashine kubwa inayochimba udongo wa madini na kuumwaga kwenye lori, ina cheni mbili za kutembelea, ina kibanda cha dereva, ina uzito wa nyuma, na ukiuvuta ule uzito mkono mrefu unapanda na ndoo inafungua mdomo. Mzee Stanislas alivua kofia akasema, "Mama, minye nilitengeneza mapelle miaka yote, lakini hii njo ya kwanza yenye haiombi mafuta ya mazutu." Watu wakapiga makofi, na padri akasema Sainte Barbe ya mwaka huu, sikukuu yetu ya wachimba madini, Blandine ndiye atakayeibeba pelle yake mpaka altareni wakati wa matoleo. Miaka yote iliyopita nilikuwa nabeba mimi, na lokomotivu yangu.

Tangu siku hiyo sina jina. Watoto pale bombani wananiita bwana ya Mama Pelle. Akiimba akiwa anashona naona ananiimbia mimi, akiniwekea bukari, ugali wetu, mezani naona ananihurumia, wateja wake wakija kupima nguo wanaulizia pelle kabla ya nguo na mimi niko palepale kwenye kiti changu, hakuna anayeniulizia hata afya. Nina wivu, Mama, nalisema wazi kwa sababu hunioni uso.

Basi nikaanza kupiga hesabu za mkunjaji. Karatasi ya mraba ina pembe nne, na kila kiungo kirefu kinachotoka nje kinataka pembe yake. Cheni mbili zimekula pembe mbili, uzito wa nyuma umekula ya tatu, kibanda kimekula ya nne, je, ule mkono umetoka wapi? Nikajiambia amekata, mshonaji mkasi unaning'inia shingoni kutwa, atashindwaje kukata. Na sikukaa nalo moyoni, nililisema Jumamosi iliyofuata mbele ya kikundi kizima: "Ule mukono, alikata na mukasi." Blandine akaniambia polepole, "Papa, weye njo ulinifundisha. Ungeniuliza kwanza ku nyumba." Tangu hapo watu wanaiangalia pelle mara mbili mbili, na padri amesema tusubiri kwanza ukweli ujulikane. Lakini utajulikanaje, wakati kwetu mkunjaji hafungui kazi ya mwenzake, ni kama kumvua mtu nguo. Blandine aliifunga pelle katika kitambaa, akaiweka kabatini, akasema hataigusa mpaka waamue.

Jumanne alipokwenda sokoni kutafuta uzi, niliitoa nikaifungua. Mifuko ya saruji ilikuwa ya majaribio tu, hii yenyewe aliikunja kwa kalke, ile karatasi ya wachoraji inayopitisha mwanga, nikaikunjua mkunjo mmoja mmoja mpaka ikalala yote mezani, nikaiinua dirishani kwenye jua. Hakuna mkato. Hata wa ukucha hakuna. Mkono umetoka katikati ya karatasi, Mama, katikati kabisa, ameikusanya karatasi kutoka kila upande akaivuta juu kama anavyokusanya kitambaa cha bega la gauni, na mimi mwenye kuchora maisha yangu yote nilikuwa naangalia pembe tu. Nikuambie ukweli, nilipoona hakuna mkato sikufurahi. Wivu ulizidi.

Nikajaribu kuirudisha nikashindwa. Alama za mikunjo zote zinaonekana, lakini sijui upi unatangulia, mkono unalala, ndoo haikai, na sehemu moja kalke imeanza kupasuka. Sasa karatasi iko chini ya godoro upande wangu, na kabatini kuna kitambaa kitupu. Nimefikiria kusingizia panya. Nimefikiria kuendelea kujaribu kila akitoka, labda itasimama. Nikisema ukweli naogopa hataniheshimu tena, na nisiposema atafika Sainte Barbe mikono mitupu na watu watajua kweli alikata. Nifanye nini?

Mume wa Panda


Mama Angèle anajibu:

Panya. Mwanaume mzima, mchoraji wa mashine, umetafuta kichwani kote ukapata panya. Panya wa Panda wana dhambi zao nyingi, lakini sijasikia panya aliyekunjua karatasi vizuri na kuilaza chini ya godoro.

Usidhani sikuonei huruma. Nakuonea. Siku hizi katika mji huu nyumba nyingi zina mwanaume aliyekaa kwenye kiti akisikiliza kazi ya mke wake, na najua kiti hicho kinachoma. Ulikuwa na kalamu ukanyang'anywa, ukajitafutia karatasi, na hapo penyewe ukakuta mtu amekupita. Inauma. Lakini aliyekupita si jirani, ni mwanafunzi wako. Siku ile ungesema tu, "Huyu nimemfundisha mimi," nusu ya makofi yangekuwa yako. Uliyakataa mwenyewe, ukaanza kuchimba, na mchimba kisima huingia mwenyewe.

Sasa nisikilize. Karatasi hiyo usiiguse tena kwa kuikunja. Kila ukijaribu unaipasua, na hujaribu kwa ajili yake, unajaribu ili usikamatwe. Itoe chini ya godoro mchana, yeye akiwa amekaa kwenye cherehani, iweke mbele yake ikiwa wazi kama ilivyo, useme: niliifungua, nilitafuta mkato, hakuna. Halafu funga mdomo. Usimwambie habari za kampuni, usimwambie habari za watoto wa bombani, na neno "lakini" liache nje mlangoni pamoja na viatu. Akilia, kaa hapo. Akinyamaza, nenda ukachote maji. Akitaka kwenda kwa dada yake, mbebee mfuko mpaka huko, urudi peke yako, na usimtume padri kumrudisha.

Unaogopa hatakuheshimu. Ndugu yangu, heshima hiyo uliimaliza siku ile ukumbini, ulipochagua kumshitaki mbele ya watu badala ya kumuuliza nyumbani. Anayoweza kukupa sasa ni nyingine, na utaianza chini.

Kisha Jumamosi simama palepale uliposimama kumshitaki. Inua hiyo kalke dirishani, kila mtu aione, mzee Stanislas aipitishe vidole. Mke wako hawezi kujishuhudia mwenyewe, na sheria yenu inakataza mwingine kufungua. Likasi nzima ni mtu mmoja tu aliyeiona karatasi hiyo ikiwa wazi, na mtu huyo ni wewe. Uliingia kama mwizi, utatoka kama shahidi wake. Hakuna mwingine anayeweza kumsafisha.

Halafu mpe karatasi mpya akunje nyingine, kama atataka. Na usiniambie huna kalke, sijawahi kumwona mchoraji aliyetoka ofisini bila kubeba kidogo. Akikuambia shika hapa, unashika hapo. Macho yako yaweke katikati ya karatasi, utajifunza kitu. Siku ya Sainte Barbe yeye abebe pelle, na wewe lokomotivu yako iache nyumbani ipumzike.

Umeniomba nifiche jina lako, nimelificha. Barua yako lakini nimeichapisha yote, mpaka pale unaposema hakuna mkato, kwa sababu mtu aliyeshitakiwa hadharani hasafishwi kwa siri. Wanawake wanaokunja pelle hapa Likasi sidhani wanafika wawili. Gazeti hili Moussa, msambazaji wetu, analileta Panda kwa baiskeli Jumapili baada ya misa, na huwa anaanzia kwa washonaji, kwa kuwa wao ndio wanaonisoma kwa sauti. Natumaini umeshamwambia wakati barua yako ilipokuwa njiani. Kama hujamwambia, weka gazeti chini usikilize. Cherehani ikiwa imenyamaza, ameshaisoma barua yako na amefika kwenye jina langu. Inuka uende, na karatasi yake mkononi.