Tangi la Boti ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na ule mgongo wako uwe umetulia. Huku tunakula, tunalala, tunaamka. Ningependa kuishia hapo, lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekuficha.

Unajua Baba alipostaafu karakana aliapa hatakaa kufukuza nzi. Sasa ana boti. Ni ndogo, inaenea kwenye beseni la kuogeshea mtoto, ila injini yake ni ya kweli, inanguruma, na anaiongoza kwa rimoti kwenye bwawa la bustani ya mji. Rafiki yake fundi saa anayo ya kwake. Jumapili wazee hao huenda kushindana huku wakitaniana kama watoto, nami nawabebea viti.

Ugonjwa wa boti ya Baba ulikuwa kwenye kona. Ikienda moja kwa moja inachana maji vizuri. Ikipinda tu, injini inakohoa na kuzima. Fundi saa alimweleza kwamba boti ikipinda mafuta hukimbilia upande mmoja wa tangi, mrija ukabaki kunyonya hewa. Alimshauri aitie ncha ya mrija kizito ili iyafuate mafuta yanakokwenda, na alishushe tangi liwe usawa mmoja na kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Baba unamjua, ukimwambia ashushe, hupandisha. Aliliweka tangi juu zaidi, akidai mafuta yakiteremka yenyewe injini haitakosa.

Kweli yaliteremka yenyewe. Jumapili iliyofuata, boti ingali mezani pale ukingoni mwa bwawa, mafuta yaliingia kidogo kidogo kwenye injini, yakafurika, yakachuruzika hadi kwenye suruali yake bila yeye kujua. Alipowasha, injini ikatema moto. Mimi sikuuona. Mafuta yale ni jamii ya spiriti, na miali yake haionekani juani. Nilichoona ni Baba akijipiga paja, akirukia mguu mmoja, akizunguka. Fundi saa akaanza kumpigia makofi kwa mdundo. Watu wakacheka. Nami nikacheka, dada, hadi nilipoona kitambaa kikijikunja chenyewe na kuwa cheusi, na hewa juu ya goti lake ikitetemeka kama juu ya bati la mchana.

Nilimsukuma bwawani. Akiwa tayari majini ndipo nikakumbuka hajui kuogelea. Nikaruka na gauni langu. Maji yalitufika kifuani tu, lakini alining'ang'ania shingoni, na moyo wake ukadunda juu ya wangu nisijue upi ni upi. Fundi saa alitunyooshea mwavuli wake, akatuvuta huku analia.

Mguu umepona. Daktari alisema litabaki kovu. Mimi ndiye sijapona. Nikiwasha jiko napitisha kiganja pembeni kutafuta moto nisiouona. Juzi jirani alikuwa akicheza uani kuwafurahisha wanawe. Nilipomwona amerukia mguu mmoja nikammwagia ndoo nzima ya maji. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Mimi nilikaa kizingitini na ndoo tupu mapajani.

Sasa nikuambie hasa kilichonishikisha kalamu. Baba ameirudia boti. Tangi amelishusha, kizito amekitia, akaijaribu kwenye pipa la maji uani akiizungusha kwa mkono. Injini iliimba sauti moja, kona zote, bila kukohoa. Siku hiyohiyo niliificha chupa ya mafuta kabatini chini ya shuka, nikamdanganya kwamba imevuja yote. Hakunigombeza. Alikuwa akikaa tu, akiifuta boti iliyokwisha kung'aa.

Jana aliniita.

“Mwanangu, chupa nimeiona,” aliniambia. “Sitaichukua mpaka unipe wewe.”

Nilishindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini siku ile hakupiga kelele. Alikitazama kiganja chake.

“Niliona aibu,” akasema. “Watu walikuwa wanacheka. Nilidhani nitauzima kimyakimya.”

Dada, maneno hayo yananitisha kuliko moto wenyewe. Tangu Mama atutoke, mara ngapi tumemtazama mzee huyu tukadhani anacheza?

Nilimwambia nitampa chupa kwa sharti moja, kwamba akihisi chochote apige ukelele. Nikamtaka ajaribu palepale sebuleni. Alisimama, akavuta pumzi, akafumbua mdomo. Ikatoka sauti ndogo, kama ya mtu anayeomba apishwe mlangoni. Nikamwambia arudie. Ikawa ndogo zaidi.

Chupa bado iko kwangu. Safari ya Jumapili hajaitaja, ila viti ameshavipangusa. Siwezi kumnyima, na siwezi kumlinda peke yangu, kwa kuwa macho yangu yaliwahi kumtazama akiungua nami nikacheka. Njoo. Usimwambie nimekuandikia, sema umemkumbuka tu. Simama naye upande mmoja, nami nisimame upande wa pili.

Nisalimie shemeji, na wanangu wabusu kwa niaba yangu. Baba angekusalimu kwa mkono wake kama angejua naandika.

Ni mimi mdogo wako anayekusubiri,
Kidoti