Dada Bhoke na Chupa ya Plazma

Tarime, Jumatano, Mei 1954

Mvua imenyesha tangu asubuhi na sina hamu ya kuongea na mtu. Jumamosi tulimzika dada yangu Bhoke, kule kwetu Susuni.

Alipojifungua hapa hospitali mwezi wa pili, alitokwa na damu nyingi mno. Zamu ya uuguzi ilikuwa yangu. Daktari alifungua chupa ya plazma kavu, unga uliotengenezwa kwa maji ya damu za watu wengi wa Ulaya. Tukauchanganya na maji safi, ukaingia mwilini mwake kwa mshipa wa mkono. Akapona. Akarudi nyumbani na mtoto, Mama akiimba njia nzima.

Kisha macho yake yakawa ya manjano.

Daktari hakutuficha. Kati ya wale waliotoa damu, yupo aliyekuwa na virusi vya ugonjwa wa ini. Mama aliuliza kwa Kikurya, nikamtafsiria: "Maziwa ya mtoto tunachemsha. Mbona hiyo hamkuichemsha?"

"Plazma yote ukiipasha moto inaganda kama yai, mama," Daktari alijibu taratibu. "Huko Ulaya wametenga sehemu yake moja, albumini, inayovumilia joto. Wanaiweka kwenye maji ya moto yasiyochemka, kwa saa nyingi, na virusi vinakufa. Hiyo haijafika kwetu."

 Tulipotoka Mama akaniambia, "Kumbe dawa salama ipo, ila iko mbali."

Sijui nimchukie nani. Bila ile chupa Bhoke angekufa siku ileile. Kwa sababu ya chupa hiyo nilimwona akimnyonyesha mwanawe.

Na kwa sababu yake nimemzika.

Leo mchana wameleta mwanamke kwa machela, mimba imeharibika, shuka imelowa damu. Daktari akanitazama. "Nenda ukapumzike. Nitafanya mwenyewe."

"Ipo ile iliyopashwa moto?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Haipo."

Nikauchanganya ule unga mimi mwenyewe. Sindano ilipata mshipa.

Jioni amefumbua macho, akaniuliza jina langu ili aniombee kwa Mungu. Nikamtajia. Halafu nikatoka nje kwenye mvua, nikalia mpaka nikachoka.

Akirudi hapa na macho ya manjano, nitamwambia nini?