Namba ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Siku mbaya! Asubuhi nilichoma karatasi zilizoharibika nyuma ya kibanda changu cha fotokopi. Moshi ukaingia kwa jirani, daktari wa meno. Dakika kumi tu — polisi huyo. Sheria ndogo za mji zinakataza kuchoma taka mtaani. Akataka jina na namba ya kitambulisho. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba moshi ni kosa dogo, ila kumtajia jina la uongo ni kosa jingine, tena kubwa.

Nilishaonywa mwaka jana. Mara ya pili wananyang'anya leseni! Nikafungua mdomo — likatoka jina la wifi, mdogo wake mume wangu. Na namba yake yote, bila kukwama. Nimemjazia fomu za chuo cha uuguzi wiki nzima, naijua kuliko yangu. Kitambulisho nikasema nimekisahau nyumbani. Akaandika, akaniambia nifike kituoni ndani ya siku saba.

Alhamisi, 6 Machi
Wifi alipita kuchukua nakala za vyeti vyake. Akanitania eti siku hizi nina adabu, simchokozi. Nikacheka.

Jumatano, 12 Machi
Wifi kaenda polisi kuomba cheti cha kuonyesha hana kosa. Chuo kinakitaka kabla ya Ijumaa jioni. Wamemnyima! Ana kosa la kuchoma taka, na hakuitikia wito. Alilia kwenye simu mpaka kwikwi. Mume wangu anafoka: huyo aliyemchafulia mdogo wangu jina, nikimtia mkononi! Nilikuwa napika. Nikatia chumvi mara mbili. Mimi ni mtu gani?

Ijumaa, 14 Machi
Saa nane mchana. Wifi yuko hapa kibandani. Polisi wamemwambia alete barua ya kukana kosa, na shahidi mmoja wa kumtetea. Kaniambia niandike mimi, eti ndimi ninayejua maneno ya kiserikali. Nimeandika. "Simfahamu aliyetumia jina langu."

Shahidi je? nikamuuliza. Akanishangaa: wewe, wifi yangu, nimtafute nani tena?

Amevuka barabara kununua bahasha. Barua imeshatoka kwenye printa, bado ina joto. Chini kabisa: jina kamili la shahidi, namba ya kitambulisho, sahihi. Nimeandika jina langu. Namba yangu siikumbuki, nimelazimika kutoa kitambulisho mkobani. Sahihi bado.

Huyo anarudi. Ananipungia bahasha.