Pima Sita Hadi Kwenye Maji

Jumatatu, 3 Oktoba 1983

Leo nimechora duara, lile shimo la wachimba dhahabu! Mume wangu, Baba Generosa, amekuja na wenzake wawili, Mabula na Thobias, wakakaa mkekani kama wanafunzi wangu. Shida yao hii: mwamba wa dhahabu wanaoufuata chini unaelekea moja kwa moja kwenye shimo la zamani, lile waliloliacha Wazungu. Limejaa maji. Wakilitoboa kwa chini hatoki mtu. Wanataka kujua wamebakiza kiasi gani.

Nikawaambia kama ninavyowaambia watoto darasani – chora kwanza, maneno baadaye. Karatasi ya miraba, mraba mmoja pima moja. Juu ya ardhi, kutoka duara hadi shimo la zamani, pima ishirini. Chini, walikokwisha kuchimba, kumi na nne. Maji nikayapaka buluu. Zimebaki sita! Nikasema chimbeni nne, mbili ziachwe ziwe ukuta. Mabula akacheka, akasema kumbe shule ina faida. Kichwa kimenivimba, sikatai.

Jumatano, 5 Oktoba

Wamesonga nusu pima. Mchoro wangu wameubandika kwenye gogo pale mdomoni mwa duara. Baba Generosa karudi na vumbi hadi kwenye kope, anaimba. Nimemuuliza kama jiwe la mbele lina unyevu. Kidogo tu, anasema, ni jasho. Jasho gani? Tangu lini jiwe likatoka jasho! Sijapenda.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mungu wangu. Mungu wangu.

Somo la vipimo, darasa la nne. Nimewaambia wanyooshe mikono yote miwili wapime ukuta wa darasa kwa pima. Esta kapata saba. Marselino, yule mrefu, kapata tano. Ukuta uleule! Wakaanza kubishana, kila mmoja anamwita mwenzake mwongo, darasa zima linacheka. Jumatatu sikuuliza! Sikuuliza nani alipima nini!

Mchana Baba Generosa akaniambia: juu alipima Thobias. Chini alipima Mabula. Thobias ananifika begani, na Mabula huingia mlangoni kwetu kwa kuinama. Nimewafuata nyumbani kwa Mabula na tepu ya shule. Pima ya Thobias, mita moja na nusu. Ya Mabula, mita moja na sentimita tisini. Nikachora upya papo hapo, kwa mita. Juu, mita thelathini. Chini, na ile pima moja waliyoongeza tangu Jumanne, ishirini na nane na nusu. Mbele yao kuna mita moja na nusu ya jiwe, basi. Nao wanajua bado wana pima tano!

Wamekataa. Thobias kanuna kwa sababu eti nimemwita mfupi. Mabula kasema kwa upole kabisa, Mwalimu, ule mchoro wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi. Na Baba Generosa: "Juzi chimbeni, leo acheni. Kesho utasema nini, Mama Generosa?" Nimelia mbele yao bila aibu. Nimewaambia kosa ni langu, nichapeni, nitukaneni, ila msishuke. Baba Generosa anasema mwamba sasa umenenepa, hauwezi kuachwa. Mchoro ule wa kwanza ndio wanaoupenda. Na nani aliwachorea? Mimi.

Jumamosi, 8 Oktoba

Naandika nimekaa mdomoni mwa duara. Juu ya lile gogo hasa, miguu inaning'inia shimoni.

Mwanamke hafiki hapa. Akifika dhahabu inakimbia, kazi inasimama siku saba, achinjwe kondoo ndipo watu washuke tena. Wote wanaliamini hilo kuliko hesabu zangu. Basi nimekuja. Nimejifunga khanga, nimekaa.

Mabula alikuwa kwenye kamba. Kaniona, kashika kichwa. "Mwalimu, umetuua!" Nikamjibu, sijawaua, ndiyo kwanza nawaokoa. Hathubutu hata kunishika mkono anitoe. Thobias kapanda haraka aliposikia, suruali imelowa hadi magotini. Nikamuuliza maji hayo ya wapi. Kaenda kukaa mbali, kanipa mgongo.

Amebaki Baba Generosa peke yake kule chini.

Mabula kainama, kaita kwa nguvu: kazi imesimama, kuna mwanamke huku juu! Sauti ikatoka chini, ndogo. Nani? Mabula akanitazama kwanza. Akasema, "Mkeo!"

Anayetaka kupandishwa huvuta kamba mara mbili. Mabula ameishika kwa mikono yote miwili, anasubiri. Nami naitazama. Nimeita jina lake, Leodgar, jina ambalo sijamwita tangu tuzae. Nimemwambia nichukie, lakini panda. Kamba haivutwi.

Nyundo. Ameanza tena kugonga mwamba.