Sina Kesi na Mtu

Mjukuu wangu Nasra,

Shikamoo yako imefika mpaka huku Ibra, Uarabuni, marahaba. Sote wazima, na tende zimeiva. Za babu yako hazina mfano, muulize yeyote. Hati yangu mbovu, vumilia.

Umeuliza kwa nini nilikataa kutia saini ile karatasi ya afisini, mamako akarudi analia. Sikukataa, sikufahamu. Kijana wa afisini kaniuliza, "Shaibu, wakili wako nani?" Nikamjibu kwa sauti, "Wakili wa nini? Sina kesi na mtu!" Wakacheka wote. Kumbe wakili ni mamako, aniwakilishe kwenye nyumba na mitende siku nikiwa sitoki kitandani. Nikasema khalas, yamekwisha, nanyang'anywa ningali hai. Nikaondoka.

Tangu hapo kichwa kinanizunguka. Maana siku ya ndoa yangu Unguja, mimi nilikwama Pemba, meli imeharibika. Ndugu yangu Salim akakaa mbele ya kadhi, akaitikia, "Nimekubali, kwa uwakili wa ndugu yangu." Kijana mzuri yule, ingawa hakunifikia mimi. Nilipofika nikamuuliza, "Sasa huyu mke wa nani?"

"Wako, mjinga we! Mimi nimekula pilau tu."

Na bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa wangu mpaka tulipomzika.

Basi na mitende itabaki yangu? Naona ndiyo, ingawa sijafahamu vizuri. Jumapili, afisi za huku zikifunguliwa, nakwenda kutia saini. Lakini mwambie mamako asinishike mkono kwenye ngazi. Uwakili huo sijampa.

Babu yako anayekuombea